Nyayo na Makombo

Andiko la somo: Kumbukumbu la Torati 22:6-7, Marko 6:30-34, Yohana 6:10-13
Lengo: Kujifunza jinsi ya kuwa karibu na watu wa Mungu bila kuwaumiza



Katika sheria alizopewa Musa kuna moja ambayo wengi wetu tunaipita haraka tukisoma. Inamhusu mtu aliye safarini. Akiwa njiani akakuta kiota, na mama ndege amelalia mayai au makinda yake, haruhusiwi kumchukua mama pamoja na watoto. Ni lazima amwache mama aende zake. Ni sheria ndogo sana, lakini Mungu anaiwekea ahadi ya heri na maisha marefu, karibu sawa na ile aliyoiweka kwa wanaoheshimu baba na mama.

Hebu mwangalie huyu msafiri. Si adui wa ndege. Ni mpita njia tu, pengine ana njaa, na ameona kitu kizuri. Hata hivyo Mungu anamwambia achunge namna anavyopita. Leo nataka tuisome sheria hii katika msitu mmoja wa mbali ambako maana yake inaonekana kwa macho. Halafu tuirudishe hapa kwetu, kwenye ushirika wetu wa nyumbani.

1. Msitu ulionusurika shoka

Kaskazini mwa jimbo la California, Marekani, kuna miti inayoitwa redwudi. Ndiyo miti mirefu kuliko yote duniani. Mmoja wao, uliopewa jina Hyperion, una urefu wa takribani mita 116. Ukiusimamisha kando ya jengo la KICC pale Nairobi, mti utalipita jengo. Mingine ina umri wa zaidi ya miaka 2,000, maana yake ilikuwa imeshaota Bwana Yesu alipozaliwa Bethlehemu. Na mbegu yake ni ndogo, kama ya nyanya.

Watu huenda kuiona kwa gari. Wanatoka San Francisco, wanafuata barabara kuu ya 101 kuelekea kaskazini hadi mji wa Crescent City, safari iliyo ndefu kuliko Nairobi hadi Mombasa. Njiani wanaingia barabara ya zamani inayoitwa Avenue of the Giants, takribani kilomita 50 za kupita katikati ya miti hiyo. Jioni wanapiga hema chini yake, wanapika, wanalala. Familia nyingi huweka akiba kwa ajili ya safari kama hiyo.

Msitu huo umepita mengi. Tangu wachimba dhahabu walipoingia California katikati ya karne ya 19, miti hii ilikatwa kwa mbao, na leo imebaki asilimia 5 hivi tu ya msitu wa kale. Watu wenye uchungu walisimama. Mwaka 1918 kikaanzishwa chama cha kununua na kuhifadhi sehemu zilizobaki, na mwaka 1968 serikali ikatangaza Redwood National Park. Ndani ya hifadhi hiyo shoka halina ruhusa tena. Ungedhani vita vimekwisha.

Lakini sikiliza, mpendwa. Sasa hivi ndani ya hifadhi miti hiyo inasumbuliwa pia na watu wanaoipenda.

2. Nyayo

Mti wa redwudi, pamoja na urefu wote huo, hauna mizizi ya kwenda chini sana. Mingi haizidi mita 4 kwenda chini. Badala yake inatambaa pembeni, hata mita 30 na zaidi, ikifungamana na mizizi ya miti jirani. Ndiyo maana upepo ukija, mti mmoja haupambani peke yake. Hapo ndipo nguvu yake ilipo. Lakini hapo hapo ndipo unapoweza kuumizwa, kwa sababu mizizi iko karibu na mahali tunapokanyaga.

Hyperion uligunduliwa mwaka 2006. Wenye hifadhi hawakutangaza mahali ulipo, wala hakuna njia rasmi ya kufika pale. Lakini habari zilivuja kwenye intaneti, na watu wakaanza kupenya msituni kuutafuta. Kila mmoja alitaka picha moja tu. Basi mmoja alipita, akaja wa pili, akaja wa elfu. Mimea iliyofunika udongo pale chini ya mti ikaisha, udongo ukashindiliwa, takataka na uchafu wa binadamu ukaachwa vichakani. Mwaka 2022 hifadhi ilifunga eneo lote lile. Ukikamatwa hapo unaweza kutozwa faini ya hadi dola 5,000, ambayo kwetu ni zaidi ya nusu milioni, au kufungwa hadi miezi sita jela.

Hakuna hata mmoja kati ya wale watu aliyebeba shoka. Walibeba simu tu. Wote walikuwa wakitazama juu.

Sasa turudi nyumbani. Tuna dada mwenye sauti nzuri. Jumapili anaongoza sifa, Jumanne yuko mazoezini, Ijumaa yuko kwenye kesha, Jumamosi ameitwa kwenye harusi, na kila anayemwita anasema, "Ni wimbo mmoja tu." Tuna ndugu aliyeokoka majuzi, ametoka kwenye pombe, na tayari tumemzungusha katika mikutano mitano atoe ushuhuda. Mizizi yake haijashika bado. Tuna mama anayejulikana kwa maombi, na simu yake haipumziki hata saa saba za usiku. Kila mmoja wetu akihesabu, amemwomba kitu kidogo tu. Ni nani anayeuliza dada yule anasoma Neno saa ngapi kwa ajili yake mwenyewe? Ni nani ameuliza ndugu yule usiku wake unapitaje?

Marko 6 inaeleza kwamba mitume walirudi kutoka kazini na habari njema nyingi, na watu walikuwa wengi wakija na kuondoka hata wakakosa nafasi ya kula. Yesu hakuwapongeza kwa kushinda njaa. Aliwaita kando wapumzike. Baadaye umati ulipowafuata aliuhurumia na kuufundisha, kwa hivyo hakuwa amewachoka watu. Lakini aliona kile ambacho umati haukuona: kwamba wanaolisha wengine nao wanahitaji kula.

Nilisomea biashara, na kuna kitu kimoja kule ambacho hakijanitoka. Mashine ikifanya kazi kila siku bila kutengewa pesa za matengenezo, faida unayoiona kwenye vitabu ni ya uongo. Unakula mashine yenyewe. Wapendwa, tunaweza kuhesabu nyimbo, shuhuda na mikutano, tukasema mwaka huu Bwana ametenda, na kumbe tumekula watu.

3. Makombo

Katika msitu huo kuna ndege mdogo wa baharini, si mkubwa kuliko njiwa. Maisha yake anayapitisha baharini akivua samaki. Lakini akitaka kutaga anaruka kuingia nchi kavu, makumi ya kilomita, hadi kwenye miti hii ya kale. Hajengi kiota kama ndege wengine. Anatafuta tawi pana lenye kuvu laini, huko juu kabisa, na anataga yai moja. Moja tu. Anajificha vizuri kiasi kwamba wataalamu wa Marekani waliona kiota chake kwa mara ya kwanza mwaka 1974, baada ya mpanda miti kukikuta kwa bahati katika hifadhi ya Big Basin. Mwaka 1992 serikali ilimweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini.

Ni nani anayemmaliza? Kwanza, kukatwa kwa miti. Lakini kuna sababu nyingine inayohusu kambi. Watu wakila nje ya hema wanadondosha makombo: kipande cha mkate, karanga, viazi vya kukaanga. Makombo hayo yanaita ndege wa jamii ya kunguru. Wakizoea chakula cha bure wanaongezeka, wanabaki pale pale, na wakimaliza mezani wanazunguka mitini. Wanakuta lile yai moja. Wanalila.

Ndiyo maana katika kambi za kule kuna sheria kali ya usafi. Chakula kinafungiwa ndani ya makabati ya chuma, meza inapanguswa, na hata kombo dogo linaokotwa. Mgeni anaweza kushangaa kwa nini askari wa hifadhi anagombana naye juu ya kipande cha mkate. Hajagusa kiota. Ndege mwenyewe hajawahi kumwona.

Hapa nataka tuzungumze ukweli. Mama mmoja anakuja kwenye ushirika wa Jumatano. Kwa muda mrefu amekuwa akisema, "Mniombee, niko sawa." Siku hiyo anafunguka. Anasema nyumbani hakukaliki, au mtoto wake amekamatwa, au matokeo ya hospitali si mazuri. Tunamwekea mikono, tunaomba, tunalia naye. Halafu tukitembea kwenda stage, mmoja wetu anasema kwa uchungu wa kweli kabisa, "Kwani ulikuwa unajua hayo?" Kombo limedondoka. Kufikia Alhamisi liko kwenye kundi la WhatsApp, limevalishwa nguo ya ombi la maombi. Jumapili mama anaingia ibadani na kukuta macho ya huruma ambayo hakuyaomba. Jumatano inayofuata hayupo. Na sisi tunasema amepoa kiroho.

Hakupoa. Alikuwa na yai moja, akaja kulitaga kwetu kwa sababu aliamini tawi letu ni la juu.

Mithali 11:13 inatofautisha watu wawili: anayezunguka akifichua siri, na mwenye roho ya uaminifu anayelisitiri jambo. Haisemi yule wa kwanza alikuwa na nia mbaya. Inasema tu alichofanya.

4. Njia iliyoinuliwa

Pengine mtu anasema, "Mchungaji, basi tukae mbali na watu. Kila mtu abebe mzigo wake." Hapana. Kumbuka ile mizizi. Redwudi bila majirani ni rahisi kuanguka. Iko namna ya kuwa karibu inayoshikilia, kama mizizi chini ya udongo, na iko namna ya kuwa karibu inayokandamiza, kama viatu juu yake. Tunachotafuta ni ile ya kwanza.

Kuna sehemu nyingine ya msitu huo inayoitwa Grove of Titans, ndani ya hifadhi ya Jedediah Smith. Nayo ilivujishwa, nayo ikakanyagwa. Lakini pale walifanya jambo jingine. Walijenga njia iliyoinuliwa juu ya ardhi, ili watu wapite bila kugusa udongo, na mvua ifike kwenye mizizi. Mwaka 2022 wageni walikuwa tayari wakiitumia. Leo watu wanaifikia ile miti na kuitazama, na mimea ya chini ina nafasi ya kurudi.

Tunaweza kujenga njia kama hiyo hapa kwetu. Napendekeza vibao vitatu:

Kwanza, uliza kabla ya kubeba. Mtu akifunguka kwenye ushirika, kiongozi amwulize mbele ya wote, "Hili libaki hapa, au tunaweza kuliomba na wengine?" Akisema libaki, libaki. Hata mke wako nyumbani asiambiwe. Hata mimi.

Pili, mwenye kipawa apewe Jumapili ya kuketi. Aketi kama muumini, alishwe Neno, aende nyumbani. Aliyeokoka karibuni apate kwanza mtu wa kumfundisha, ndipo apewe kipaza sauti.

Tatu, ukimtembelea mgonjwa au mfiwa, piga simu kwanza, kaa kidogo, omba, na usimwachie vyombo vya kuosha. Ukibeba unga au sukari, hiyo nayo ni sala.

Tumalizie pale Yohana 6. Bwana amewalisha maelfu kwenye nyasi nyingi kwa mikate mitano na samaki wawili. Aliyetoka kufanya muujiza huo hakuwa na shida ya chakula. Angeweza kuondoka na kuacha vipande kwenye nyasi, na hakuna ambaye angelalamika. Lakini aliwaagiza wanafunzi waviokote vyote, kisipotee hata kimoja. Wakajaza vikapu kumi na viwili. Baada ya muujiza huo mkubwa, kazi ya mitume ilikuwa kuinama na kuokota makombo. Nasi tukishatoka kwenye ibada nzuri, kazi hiyo bado inatungoja.

Maswali ya kujadili katika ushirika wa nyumbani

1. Kwa nini unadhani Mungu aliweka ahadi kubwa juu ya sheria ndogo ya kiota?
2. Ni nani katika ushirika wetu ambaye sote tunamwomba "kitu kidogo tu"? Mwezi huu tutampunguziaje mzigo?
3. Kuna mtu aliyeacha kuja baada ya jambo lake kusikika nje? Ni nani kati yetu atakayemwendea, si kwa kumlaumu, bali kwa kumwomba msamaha?
4. Tukubaliane leo: ni maneno gani yatabaki ndani ya chumba hiki?

Ombi

Baba, asante kwa kutuweka pamoja. Tufundishe kuangalia chini tunapopita katika maisha ya wengine. Wale tuliowachosha, uwape pumziko. Wale ambao siri zao tuliziangusha njiani, uwaponye, na utupe ujasiri wa kuwaendea. Ufanye ushirika wetu kuwa mahali ambapo mwenye jambo moja la thamani anaweza kulileta na kulikuta salama. Katika jina la Yesu, amina.