Moto Hufanya Chungu, na Moto Hukivunja

Katika sehemu za Bokoli na Bungoma hakuna asiyekijua chungu cha udongo. Lakini ni wachache wajuao kwamba malori mengi ya kisasa yatumiayo dizeli yamefungwa chombo kilicho ndugu wa chungu hicho. Kazi yake ni kuzuia masizi yasitoke pamoja na moshi na kuingia mapafuni mwa watu. Chombo hicho ni cha thamani kubwa, nacho huharibiwa na jambo lile lile livunjalo chungu, yaani joto lisilo na kiasi.

Yafaa kwanza kufahamu habari za chungu. Maji yaliyobaki katika udongo hugeuka mvuke yafikapo joto la digrii 100 hivi za Selsiasi. Moto ukizidi upesi, mvuke hukosa njia, na chungu hupasuka. Kati ya digrii 450 na 600 hutoka maji yaliyoshikamana na udongo wenyewe, na tangu hapo hauwezi kurudi kuwa tope. Tena, chembe za mchanga mweupe hutanuka ghafula zifikapo digrii 573, na zipoapo hunywea. Ndiyo sababu mfinyanzi hukausha vyungu kivulini, huwasha moto kidogo kidogo, wala havitoi vyungu vikiwa moto.

Kichujio cha lori kina matundu mengi kama sega la nyuki. Tundu moja limezibwa mbele, la jirani limezibwa nyuma, hata moshi hauna budi kupenya ukutani na kuyaacha masizi. Masizi hayo huungua kwa joto la digrii 550 hadi 600, au chini yake palipo dawa ya kuyasaidia. Yakirundikana mno kisha yakawaka yote pamoja, joto laweza kupita digrii 1,000. Hapo katikati hutanuka kuliko pembeni, na ufa hutokea. Au udongo huyeyuka, na kichujio hakifai tena.

Mafundi hutumia vitu vya namna mbili. Kodieriti hutanuka kidogo sana, kwa hiyo hustahimili mabadiliko ya joto, lakini huyeyuka karibu na digrii 1,450. Silikoni kabidi hustahimili joto kubwa zaidi na hulisambaza upesi, ila hutanuka zaidi. Kwa hiyo hutengenezwa vipande vipande, vikaunganishwa kwa saruji maalumu. Jiko la makaa lenye udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, lina shida kama hiyo: bati hutanuka kuliko udongo, na fundi hodari huweka kati yake saruji iliyochanganywa na vemikulaiti.

Basi mwenye lori aendaye kati ya Kitale na Webuye na ayashike haya. Taa ya kichujio ikiwaka, asiipuuze, bali afuate kitabu cha gari. Atie oili iliyoagizwa, kwa kuwa majivu ya oili hayaungui, nayo huziba matundu. Wala asimwagie maji kichujio kilicho moto. Haraka haraka haina baraka, kwa mfinyanzi na kwa dereva pia.