PIKIPIKI HAITOKI JASHO

Somo letu la leo linahusu oili inayovuja kwenye pikipiki iliyokwisha tumika. Tunaliandika kwa sababu yametukuta sisi wenyewe.

Tulikuwa wana kikundi saba. Tulichanga fedha za karanga, tukanunua pikipiki ya mtumba. Muuzaji alikuwa ameiosha, injini inang'aa kama sufuria mpya. Baada ya wiki moja tukaona doa jeusi chini yake. Mwenzetu mmoja akasema, "Mtumba huo, lazima utoe jasho!" Tukacheka. Tukanunua gundi ya silikoni, tukaipaka juu ya uchafu pale tulipoona pamelowa. Doa likarudi. Basi, tukalizoea.

Usiku mmoja mwenzetu alimpakia jirani na mtoto wake mwenye homa kali, kuwapeleka zahanati. Katikati ya njia injini ikaanza kugonga. Nguvu ikapungua, kisha ikazima. Kiki ikakataa kushuka. Injini ilikuwa imenoki. Mama alitembea gizani, mtoto mgongoni, hadi walipopata baiskeli. Walifika zahanati alfajiri. Mtoto alipona, tunashukuru. Lakini sisi tuliona aibu mbele ya mama yule.

Fundi alituuliza swali moja tu: "Wazee wangu, oili mlipima lini?" Tukaangaliana. Hakuna aliyejua. Kisha akatuonyesha palipokuwa panavuja. Kumbe ni washa ndogo ya boliti ya kumwagia oili, chini ya injini. Ilikuwa imechakaa. Washa hiyo ni kitu cha bei ndogo sana. Kwa ajili yake tuliuza magunia matatu ya mahindi, tukalipia pistoni, silinda na kazi ya fundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KWA NINI OILI NI MUHIMU?

Ndani ya injini vyuma vinapita karibu karibu kwa kasi kubwa. Oili huvizuia visisagane, hupunguza joto na hubeba uchafu. Pikipiki nyingi ndogo, za 125 au 150, hubeba oili kama lita 1 tu.

Tufanye hesabu. Kijiko kimoja cha chai ni mililita 5. Pikipiki ikipoteza vijiko 2 kwa siku, ni mililita 10. Kwa siku 30 ni mililita 300. Hiyo ni karibu theluthi ya oili yote! Na wewe uliona doa dogo tu.

HATUA ZA KUFUATA

1. Pima oili kwanza. Simamisha pikipiki wima mahali tambarare. Washa injini dakika chache, izime, subiri kidogo oili ishuke. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kisha kitazame. Oili iwe kati ya alama mbili. Pikipiki nyingine zina kioo kidogo badala ya kijiti. Ikiwa imepungua, ongeza ya aina ile ile. Usizidishe, maana oili ikizidi nayo hutafuta pa kutokea.

2. Hakikisha ni oili ya injini. Kama miguu ya mbele ndiyo iliyolowa, hiyo ni oili ya shokapu. Kama inanuka petroli, tazama kabureta na mpira wa mafuta, na weka moto mbali. Kama chini ni pakavu lakini oili inapungua na moshi ni wa bluu, oili inaungua ndani. Hiyo ni kazi ya fundi.

3. Osha, halafu tafuta chanzo. Ngoja injini ipoe. Iosha kwa sabuni na brashi, ikaushe kwa kitambaa. Nyunyiza poda ya mtoto sehemu unazozishuku. Endesha kidogo, simama, kagua. Oili huteremka chini, na upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo usidanganywe na mahali inapodondokea. Tafuta mahali pa juu zaidi na mbele zaidi palipolowa. Hapo ndipo penye chanzo. Sisi tulipaka gundi bila kujua chanzo, tukaziba macho yetu wenyewe.

4. Tengeneza chanzo chenyewe.
(a) Boliti ya kumwagia oili: weka washa mpya kila unapobadili oili. Kaza kwa kiasi. Mwili wa injini ni alumini, ni laini kuliko boliti ya chuma. Ukikaza kwa nguvu zote uzi utakufa.
(b) Karibu na cheni, au kwenye mhimili wa gia: mara nyingi sili imechoka. Mwambie fundi aibadilishe.
(c) Kwenye mfuniko wa injini: huenda gasketi imekatika au boliti zimelegea. Gasketi ya zamani ikishafunguliwa isirudishwe.
(d) Oili inavuja sehemu nyingi kwa pamoja: tazama mpira wa kupumulia injini. Ukizibwa na matope, mgandamizo hujaa ndani na kuisukuma oili nje. Kuuzibua hakuna gharama.

5. Oili ikifika kwenye tairi au breki ya nyuma, usiendeshe. Utateleza. Safisha na utengeneze kwanza.

Oili chafu usiimwage karibu na kisima wala mto. Iweke kwenye dumu lenye mfuniko, umpelekee fundi.

DAFTARI LA PIKIPIKI

Sasa pikipiki yetu ina daftari lake. Tumechora safu nne: tarehe, kilomita, oili iliyoongezwa, jina la aliyepima. Kila anayeichukua asubuhi anapima na kuandika. Tarakimu za oili zikianza kupanda, tunajua kuna kitu, hata kama doa halijaonekana. Ndugu, tulijifunza kusoma na kuandika ili vitusaidie katika kazi zetu. Na hii nayo ni kazi yake.

MANENO YA KUKUMBUKA
Kunoki: injini kufa kwa sababu vyuma vyake vimesagana na kushikana.
Sili: pete ya mpira inayozuia oili isitoke.
Gasketi: karatasi ngumu inayowekwa kati ya vyuma viwili.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Kikundi kilikosea wapi kabla ya usiku ule?
2. Pikipiki inapoteza vijiko 3 vya chai kwa siku. Kwa siku 20 itapoteza mililita ngapi?
3. Ukienda kununua pikipiki ya mtumba iliyooshwa ikang'aa, utafanya nini kabla ya kutoa fedha?