UTANDO MWEMBAMBA WENYE KAZI KUBWA

Tuliposoma mzunguko wa damu katika kidato cha pili, wengi wetu tulishika jambo moja: moyo ni pampu na mishipa ni mifereji. Hebu leo tuuchungulie mfereji wenyewe kwa ndani.

Ndani ya kila mshipa wa damu mna utando wa seli zilizopangwa safu moja tu, kama vigae sakafuni. Utando huu huitwa endothelia. Kwa miaka mingi wataalamu wengi waliuona kuwa kizuizi tu kati ya damu na ukuta wa mshipa. Lakini mdharau mwiba mguu huota tende.

Mwaka 1980, Robert Furchgott na John Zawadzki wa Brooklyn, Marekani, walieleza majaribio yao juu ya vipande vya mshipa mkuu wa sungura. Vipande vilivyokazwa vilipotiwa asetilikolini vililegea. Utando ulipokwanguliwa, dawa ikatiwa tena, wapi! Havikulegea. Ikabainika kwamba utando wenyewe hutoa kitu kinachouamuru mshipa ulegee.

Kitu gani hicho? Mwaka 1987, kule Uingereza, Salvador Moncada na wenzake walitumia seli za utando wa nguruwe zilizokuzwa maabarani, wakaonyesha kuwa ni hewa iitwayo nitriki oksidi. Mwaka huo huo Louis Ignarro wa Marekani alifikia jibu lilo hilo. Mwaka 1998 Furchgott, Ignarro na Ferid Murad wakatuzwa Tuzo ya Nobel.

Je, seli hizi hupatikanaje? Mara nyingi mshipa mkuu wa ng'ombe au nguruwe huchukuliwa machinjioni ungali mbichi. Huoshwa, kisha hutiwa kimeng'enya kinachozibandua seli bila kuziua. Seli huwekwa katika sahani safi zenye maji ya virutubishi, kwenye joto la nyuzi 37. Hushika sahani, hugawanyika, na baada ya siku kadhaa huifunika yote. Hapo ndipo mtaalamu hujaribu dawa zake.

Mwenzangu mmoja aliniuliza, "Kwani za binadamu hazipo?" Zipo. Mwaka 1973 Eric Jaffe na wenzake walieleza jinsi ya kuzikuza kutoka kwa kitovu kinachokatwa mtoto azaliwapo. Lakini kitovu kimoja hutoa seli chache, ilhali mshipa mmoja wa ng'ombe hutoa nyingi. Tena ng'ombe huyo alichinjwa kwa ajili ya nyama. Hakuuawa kwa ajili ya maabara.

Hata hivyo tusilewe sifa. Seli za nguruwe zina aina ya sukari ambayo sisi hatuna, na kinga ya mwili wetu huishambulia mara moja. Basi dawa iliyofaulu kwenye seli za mnyama bado haijathibitika kwa mtu. Ni lazima ijaribiwe kwenye seli za binadamu, kisha kwa watu wenyewe, kwa uangalifu mkubwa.

Jambo hili si la vitabuni tu. Mishipa ikishindwa kulegea, shinikizo la damu hupanda. Nyanya yangu humeza vidonge vya ugonjwa huo kila asubuhi, na naamini si yeye peke yake katika vijiji vyetu. Kwa hiyo wanafunzi wenzangu, tusiikimbie bayolojia eti ni ngumu. Safu moja tu ya seli, nayo ndiyo inayouamuru mshipa!