Fedha za Majani ya Chai: Ziwekwe Wapi?

Kila mwaka, ifikapo karibu na mwezi wa Oktoba, wakulima wa chai wa Kisii na Nyamira hupata malipo yao ya pili, yale yaitwayo bonasi. Kwa muda wa mwaka mzima mkulima amepeleka majani mabichi katika kituo cha kununulia, akalipwa kila mwezi kwa uzito wa kilo; sasa kiwanda kimekwisha kufunga hesabu ya mwaka ulioishia Juni, na fedha zilizobaki hugawanywa. Siku hizo maduka ya Kebirigo, Nyansiongo na Keroka hujaa watu. Mabati hununuliwa, madeni hulipwa, na wachuuzi wa kila namna hutokea. Lakini ifikapo Januari, watoto wanaporudi shuleni, hakosi kuonekana mkulima anayeuza ndama kwa bei ya hasara ili apate karo, naye alikuwa na fedha za kutosha mkononi miezi mitatu tu iliyopita.

Si kwamba watu wa Gusii hawajui kuweka akiba. Wazee wao waliweka wimbi ghalani na mali yao katika ng'ombe. Hata nguvu za mikono ziliwekwa akiba, kwa desturi ya egesangio: leo majirani hulima shamba la huyu, kesho la yule, na kila mmoja hujua zamu yake itafika. Vyama vya mzunguko ambavyo akina mama huvifanya hivi leo katika soko la Daraja Mbili ni jamaa ya desturi hiyo. Lakini malisho ya ng'ombe wengi hayapo tena. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 wilaya ya zamani ya Kisii, ambayo sasa ni kaunti mbili, ilionekana kuwa na watu 1,266,860 upande wa Kisii na 605,576 upande wa Nyamira. Na katika Kisii watu zaidi ya 900 hukaa katika kila kilomita moja ya mraba. Baba aliyerithi ekari tatu atawagawia wanawe vipande visivyotosha hata boma na migomba. Kwa hiyo fedha zenyewe hazina budi kutafutiwa mahali pa kukaa.

Swali la kwanza ambalo watu huuliza ni hili: benki gani hutoa faida kubwa? Swali hilo si baya, lakini limetangulia mahali pasipo pake. Linalofaa kuulizwa kwanza ni fedha hizi zitatakiwa lini. Fedha za karo ya Januari, fedha za mbolea, na fedha za uzeeni si fedha za namna moja, ijapokuwa zote zimetoka katika bonasi ile ile, na hazifai kulala katika chumba kimoja.

Fedha zitakazotakiwa kabla ya mwaka kwisha yafaa ziwekwe mahali ambapo zaweza kutolewa bila shida. Hapo ndipo inapofaa hesabu ya akiba, ambayo wengi huiita akaunti. Benki ya Akiba ya Posta ni ya tangu mwaka 1910, na mabenki mengine mengi yana matawi mjini Kisii na mawakala katika vituo vidogo. Tena tangu Novemba 2012, ilipoanzishwa M-Shwari, mtu aweza kuweka akiba kwa simu yake hata akiwa shambani. Urahisi huo una ubaya wake: fedha zinazotolewa kwa kubonyeza mara tatu hutolewa pia kwa ajili ya mambo yasiyo na maana. Mwenye kujijua kuwa mkono wake ni mwepesi na aombe hesabu ya muda maalum, ambayo haifunguliwi mpaka miezi mitatu au sita ipite. Na kwa kawaida faida yake huwa kubwa zaidi.

Faida hiyo haina budi kueleweka vizuri. Chukua mfano wa mtu aliyeweka shilingi 10,000 katika hesabu ya akiba inayotoa asilimia 3 kwa mwaka. Mwaka ukiisha amepata shilingi 300. Serikali hukata kodi ya asilimia 15 ya faida hiyo, yaani shilingi 45, na benki yaweza kukata gharama zake. Amebaki na shilingi 10,255. Lakini ikiwa bei ya vitu imepanda kwa asilimia 5 mwaka huo, mbolea na unga alivyoweza kununua kwa shilingi 10,000 sasa vyataka shilingi 10,500. Fedha zimeongezeka kwa hesabu, zikapungua kwa nguvu. Hiyo si sababu ya kuzirudisha chini ya godoro, ambako hazipati hata zile 255, na moto na wezi hawachagui nyumba. Bali ni sababu ya kutoweka fedha za miaka kumi mahali panapofaa fedha za miezi mitatu.

Je, benki ikifungwa? Watu wana haki ya kuuliza, kwa maana jambo hilo limetokea. Mwezi wa Oktoba 2015 Imperial Bank ilifungwa, na Aprili 2016 Chase Bank ikafuata, na wenye fedha wakasimama milangoni. Katika Kenya liko Shirika la Bima ya Amana, ambalo hulinda fedha za kila mweka akiba katika kila benki iliyo na leseni. Zamani kiasi kilicholindwa kilikuwa shilingi 100,000 tu; tangu Julai 2020 ni shilingi 500,000. Kinachozidi hapo humlazimu mtu kungoja mpaka mali ya benki ikusanywe, na huenda asikipate chote.

Vyama vya kuweka akiba na kukopa, yaani sako, vina nguvu sana katika Gusii, miongoni mwa walimu na wakulima wa chai vilevile, na wengi wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa msaada wake. Lakini mambo yake huchanganywa. Mwanachama huwa na fedha za namna mbili. Ya kwanza ni hisa za mtaji, ambazo kwa kawaida hazirudishwi. Akitaka kuondoka humwuzia mwanachama mwingine. Ya pili ni akiba, au amana, ambayo ndiyo msingi wa kukopa, mara nyingi hata mara tatu ya kiasi alichoweka. Mwenye akiba ya shilingi 50,000 aweza basi kukopa mpaka 150,000, akipata wadhamini.

Hapo penye wadhamini ndipo penye machozi. Mwanachama akiweka sahihi kumdhamini mwenzake, akiba yake mwenyewe imefungwa kwa deni lile. Hawezi kujitoa chamani mpaka deni liishe au apatikane mdhamini mwingine. Na mkopaji akishindwa kulipa, chama hukata akiba ya wadhamini. Fikiria mama mjane aliyeweka akiba kwa miaka minane ili mwanawe asome chuo. Shemeji yake amjia jioni, apewe kiti na chai, naye aseme, "Mama, ni sahihi tu, hakuna fedha itakayotoka kwako." Maneno hayo si kweli, ijapokuwa msemaji huenda ayaamini. Kumkatalia shemeji ni jambo gumu, kila mtu ajua. Lakini mama huyo aweza kumjibu kwa adabu kwamba akiba ile ni ya karo ya mtoto wa ndugu yake. Akiona hana budi kudhamini, na aulize kwanza chamani deni ni la kiasi gani na wadhamini wengine ni nani.

Yafaa ijulikane pia kwamba Bima ya Amana iliyotajwa hapo juu ni ya mabenki, wala haivihusu vyama hivi. Vyama vinavyopokea amana husimamiwa na Mamlaka ya SASRA chini ya sheria ya mwaka 2008, nayo hutangaza kila mwaka majina ya vyama vyenye leseni. Jina lisiloonekana katika orodha hiyo ni jina la kuepukwa, hata kama ofisi ina viti vya ngozi.

Sasa, fedha zisizohitajiwa kwa miaka mingi. Mwenye nazo aweza kuikopesha Serikali kwa kununua hati za dhamana. Benki Kuu huziuza, na tangu 2023 maombi hupitia mtambo uitwao DhowCSD, ambao hufunguliwa hata kwa simu. Kiasi cha chini cha hati za kawaida za miaka mingi ni shilingi 50,000, na faida hulipwa kila miezi sita. Mwezi wa Machi 2017 Serikali ilijaribu hati ndogo zaidi, M-Akiba, zilizouzwa kwa simu kuanzia shilingi 3,000 kwa faida ya asilimia 10. Anayeuza hati yake kabla ya siku yake kufika aweza kupata pungufu ya alichotoa. Iko pia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambamo fedha kidogo za watu wengi huunganishwa na kuwekezwa. Hiyo husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Kuhusu hisa za makampuni, watu hawajasahau mwaka 2008. Serikali iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, na watu wengi walikopa benki ili wanunue. Maombi yalikuwa mengi mno, hata mwombaji wa kawaida alipewa kama sehemu moja kwa tano ya alizoomba. Riba ya mkopo ikaendelea huku fedha zikingoja kurudishwa. Mwanzoni mwa 2009 bei ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 3. Aliyekopa aliuza kwa hasara, kwa sababu benki haingoji. Aliyenunua kwa fedha zake mwenyewe aliweza kukaa kimya, akipokea gawio lake, na mwaka 2021 bei ilipita shilingi 40. Hisa ni zile zile, kampuni ni ile ile. Tofauti ilikuwa ni fedha za nani na za muda gani. Hata hivyo ziko hisa nyingine zilizoshuka zisipande tena.

Na yule mgeni anayeahidi kuzidisha fedha maradufu kwa miezi michache? Kabla ya mwaka 2008 vyama vya namna hiyo vilienea Kenya nzima, na kamati iliyochunguza ilitoa hesabu ya hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 8. Wa kwanza hulipwa kwa fedha za wa mwisho. Wa mwisho hawalipwi na mtu. Mara nyingi anayekuja kuwashawishi watu ni jirani aliyekwisha kulipwa, naye hasemi uongo anapoonyesha fedha zake.

Liko jambo moja dogo ambalo husahauliwa. Wanaume wengi hufungua hesabu bila kumwambia mke wala mtoto. Akifariki, jamaa hawajui pa kuuliza, na fedha zisizodaiwa hupelekwa, baada ya muda wa sheria, kwa Mamlaka ya Mali Zisizodaiwa. Katika sako mwanachama huandika jina la mrithi wake katika fomu, na fomu hiyo yafaa ibadilishwe mambo ya nyumbani yanapobadilika. Katika benki kwa kawaida warithi hutakiwa kuleta hati ya mahakama. Mwenye kufungua hesabu na achukue kitambulisho chake, namba ya kodi na namba ya simu. Aulize gharama za kila mwezi kabla ya kuweka sahihi. Na jina la benki, tawi na namba ya hesabu viandikwe katika daftari linalokaa nyumbani pamoja na risiti za majani. Namba ya siri isiandikwe humo.