SOMO: MSAFIRI WA BAISIKELI ALIYE PEKE YAKE

Mtu atokaye Babati kwenda Haydom kwa baisikeli, peke yake, huanza katika nchi ya chini. Akiisha kupita Dareda, mbele yake husimama ukuta wa Bonde la Ufa. Hapo hushuka, akaisukuma baisikeli yake, wala si aibu. Huko juu ndiko nchi ya Wairaqw, yenye baridi na mashamba. Na kusini husimama Mlima Hanang, upitao mita 3,400.

Lakini kupanda si hatari iliyo kuu. Apandaye huenda polepole, naye huomba. Hatari i katika kurudi: njia yateremka, upepo wapendeza, na asiyezikagua breki zake juu hapati nafasi ya kuzikagua katikati ya mteremko. Ndivyo ilivyo roho ya mtu. Katika shida twakesha. Katika raha twasinzia.

Tena, akianguka peke yake, ni nani atakayemwinua? Someni Mhubiri 4:10. Mwenziwe ni yule akaaye kando ya njia, kama mwenye nyumba wa Dongobesh ampaye maji. Na huko Haydom hospitali ya Kilutheri ilifunguliwa mwaka 1955, ipate kuwainua wagonjwa. Basi, hata asiyesafiri ana kazi katika safari hii.

Maswali:
1. Breki za roho yako ni zipi, nawe wazikagua lini?
2. Ni nani apitaye peke yake mbele ya mlango wako?