Chavua Kwenye Tope la Ziwa Inavyosimulia Historia ya Msitu wa Mlima Kenya

Kaskazini-mashariki mwa Mlima Kenya, katika Kaunti ya Meru, kuna ziwa dogo lililo takriban mita 2,350 juu ya usawa wa bahari. Ramani huliita Sacred Lake. Leo limezungukwa na msitu mnene. Miaka 20,000 hivi iliyopita msitu huo haukuwepo. Palikuwa na nyasi na vichaka vifupi ambavyo sasa hupatikana juu zaidi mlimani.

Ushahidi umo kwenye tope. Mkulima akitikisa mbelewele za mahindi huona unga wa manjano ukidondoka. Unga huo ndio chavua. Chembe moja ni ndogo mno, lakini ganda lake ni gumu na haliozi kwenye tope lisilo na hewa. Kila aina ya mmea ina umbo lake: chavua ya podo ina vifuko viwili vya hewa, ya nyasi ni duara yenye tundu moja, na ya mahindi hufanana na ya nyasi ila ni kubwa.

Watafiti hudidimiza bomba chini ya ziwa na kutoa nguzo ya tope. Hukata vipande, huvisafisha kwa asidi, kisha huhesabu chembe kwa hadubini, mara nyingi 300 au zaidi kwa kila kipande. Umri hupimwa kwa rediokaboni. Kazi hii inachosha, na ina mitego: podo hurusha chavua nyingi kwa upepo, ilhali miti inayotegemea wadudu hurusha kidogo. Podo nyingi kwenye tope si lazima ziwe podo nyingi msituni.

Katika miaka ya 1960, mtaalamu J. A. Coetzee wa Afrika Kusini alionyesha kupitia tope la ziwa hili kwamba enzi ya barafu ilishusha kanda za mimea karibu mita 1,000. Baridi ililaumiwa. Utafiti wa mwaka 1997 uliongeza sababu nyingine: hewa ya kaboni dayoksaidi ilikuwa kidogo, jambo lililozipa nyasi nafasi ya kuishinda miti.

Rekodi kama hizi zimo pia kwenye vinamasi vingi vya nyanda za juu. Kinamasi kikichimbwa mitaro na kukaushwa ili kupandwa mboga, hewa huingia kwenye tope, na chavua iliyodumu maelfu ya miaka huoza kabla ya mtu yeyote kuihesabu.