SOMO LA 4: MIGUU INAYOTEMBEA INASAIDIA UBONGO



Kila siku mnachota maji, mnalima mahindi, mnabeba makala, mnapika bukari. Wengine wanakaa mezani sokoni tangu asubuhi mpaka giza. Leo tujifunze namna damu inavyofika kwenye ubongo wakati mwili unatembea, na ni nini inayoizuia.

1. Ubongo hauna ghala

Ubongo ni kitu kidogo. Kwa mama wa kilo 60, ubongo wake una kilo 1 na kidogo tu. Lakini gawanya katika mafungu 5 oksijeni yote ambayo mwili unatumia ukipumzika, ni kusema ile sehemu ya hewa inayotupa uzima. Fungu 1 zima linakwenda kwa ubongo! Kwa mtoto mdogo fungu lile ni kubwa zaidi.

Unga tunaweka akiba ndani ya mfuko. Ubongo hauwezi kuweka akiba ya oksijeni. Unaipokea kwa damu, dakika kwa dakika. Damu ikikatika sekunde 10 hivi, mtu anazimia. Ikikatika dakika chache, ubongo unaanza kufa.

2. Mwili ukitembea

Ukikaa, moyo unasukuma kama litri 5 za damu kila dakika. Kama robo tatu ya litri inapanda kwa ubongo. Ukitembea upesi, moyo unaweza kusukuma mara mbili. Damu nyingi inakwenda kwa miguu, lakini ubongo nao unaongezewa kidogo.

Basi, ukijichosha sana ubongo utapata zaidi? Hapana. Ukihema sana, mishipa ya ubongo inajibana na damu yake inapungua tena. Tembea kwa kipimo hiki: unaweza kuongea na mwenzako, lakini hauwezi kuimba wimbo wa kwaya.

Faida kubwa haionekani siku moja. Mwezi kwa mwezi moyo unapata nguvu na tansiyo inashuka. Tansiyo ya juu ndiyo adui mkubwa wa mishipa ya ubongo, inaleta kupooza. Mwaka 2020 Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) lilishauri watu wazima kutembeza mwili angalau dakika 150 kwa juma. Hata mama mwenye mimba, kama muganga hakumkataza. Ni dakika 30, siku 5. Tembea asubuhi, mbali na vumbi la makamiyo.

3. Na kazi ya nyumbani?

Inahesabiwa. Mama mwenye kulima siku nzima, hatumwombi kuongeza. Yeye anahitaji maji ya kunywa, chakula na kupumzika, na baba na watoto wamsaidie kubeba. Lakini wewe mwenye kukaa mezani, simama kila saa, tembea kidogo. Na ukisimama muda mrefu kwenye mstari wa maji, inua visigino na kushusha: nyama za miguu zinasukuma damu irudi juu, na hautazimia upesi.

4. Damu yenyewe iwe nzuri

Mazoezi hayawezi kusaidia kama damu ni kidogo. Malaria, minyoo na mimba za kufuatana upesi zinapunguza damu. Kama moyo unapiga mbio na pumzi inakatika kwa kutembea kidogo tu, usianze mazoezi, anza lopitali. Kula sombe, maharagi na samaki. Meza vidonge vya damu unavyopewa kliniki. Lala ndani ya chandarua.

Mtoto wa SS acheze na wenzake, lakini anywe maji mara nyingi na apumzike akichoka. Mwalimu wake ajue ugonjwa wake, asimkimbize kwa nguvu.

Wakati wa baridi, mwezi wa 6 na wa 7, usilale na mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa. Makala inatoa hewa mbaya isiyo na harufu. Inakaa ndani ya damu pahali pa oksijeni, na jamaa nzima inaweza kufa katika usingizi.

5. Usingoje kesho

Acha kazi, kuja lopitali mara moja:

– mdomo ukipinda, mkono ukikosa nguvu, au maneno yakikwama, hata kama yanapita;
– ukiwa na mimba, kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso ukivimba, au damu ikitoka;
– kifua kikiuma ukitembea.

Wengine wanasema ni uchawi na kutafuta kwanza mlozi ni nani. Saa ile inayopotea, ubongo unaendelea kufa.

Maulizo ya kujibu pamoja

1. Sababu gani ubongo hauwezi kungoja damu?
2. Unajua namna gani kama unatembea kwa kipimo?
3. Nani hapaswi kuanza mazoezi mbele ya kuonana na muganga?

Soma 1 Wakorinto 6:19–20. Mungu aliyetupa mwili huu anataka tuutunze. Kesho asubuhi, ita jirani yako, mtembee pamoja.